Kuba la Tatu

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Machi, 1978

Mpendwa mwanangu Azza,

Baba yako hakufa kwa homa. Hilo ndilo nililowaficha tangu niliporudi peke yangu. Nimelitanguliza kabla ya salamu, unisamehe kwa kuvunja adabu, maana siku hizi nikianza na salamu nasahau nilichokusudia.

Sasa nakusalimu. U hali gani, na mumeo Hamis, na baridi ya Nairobi? Mimi miguu imevimba na pumzi ni fupi. Daktari hasemi kitu, anaandika tu. Candida, mpangaji wetu kutoka Songea, hunipikia uji sukari ikipatikana duka la ushirika. Akiniona na kalamu hunikemea, "Babu, unaandika au unasinzia?" Namjibu vyote viwili.

Barua yako imefika. Unasema mmepata ruhusa ya kwenda Hadhramauti, na unauliza kaburi la baba yako Zahoro liko wapi. Huko utakuta wenyeji, nao watakuonyesha kila kitu. Afadhali usikie kwangu kwanza.

Tulikwenda mwaka uliofuata uhuru, kuiona nyumba aliyozaliwa babu yako. Sisi tulizaliwa hapa hapa Kariakoo, na Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni. Tuliposhuka melini Mukalla tukakodi Land Rover. Watu walitusihi tuchukue dereva mwenyeji. Nikakataa. Nilikuwa na ramani, na nilikuwa mwalimu.

Barabara ilipanda mlima kwa kona nyingi, nikawa nangojea kilele. Hakikuwepo. Juu kulikuwa na uwanda wa mawe meusi, tambarare hadi macho yanachoka, hata mti mmoja hapana. Mchana jua linachoma, usiku meno yanagongana kwa baridi. Mimi nilidhani jangwa ni mchanga na liko chini. Hadi leo sijui niseme tulikuwa jangwani au mlimani.

Ramani ilikuwa na mstari mmoja, lakini alama za magurudumu zilikwenda kila upande. Nadhani tulipita mahali pamoja mara mbili. Zahoro aliapa kwamba si pale pale, au mimi ndiye niliyeapa. Sina hakika tena.

Yeye tumbo lilikuwa likimsumbua tangu Mukalla. Rejeta ilipoanza kuchemka niliimwagia maji yetu ya kunywa, nikitumaini kijiji kiko karibu. Hapakuwa na kijiji. Tuliona vijumba vyeupe tu, vidogo, vyenye kuba, kimoja hapa na kingine mbele sana. Wewe ni mtoto wa pwani, unajua kuba jeupe lililo peke yake ni nini: ni kaburi la walii. Kwenye la kwanza tulishuka, tukavua viatu, tukasoma Fatiha, tukaondoka. La pili vivyo hivyo. Zahoro midomo imepasuka, lakini mzaha haukumwisha.

"Kaka, mawalii gani hawa, wamepangwa njiani kama vituo vya basi?"

"Nyamaza, usiwatukane waliolala."

"Siwatukani. Nauliza tu, kaburi na kidirisha wapi na wapi?"

Nikamwambia ni cha kutilia ubani. Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, naye tangu utoto alikuwa haibishii sauti ile.

Penye kuba la tatu gari lilizima, halikuwaka tena. Tulikaa kwenye kivuli chake, kwa nje. Alikutaja wewe, akakutaja na mama yako, kisha akawa anataja watu nisiowajua. Kiu ndiyo iliyomuua, Azza. Tulimzika hapo hapo, mimi na mzee mmoja mchunga mbuzi aliyetokea baba yako akiwa amekwisha kukata roho. Kaburi liko upande wa mashariki wa kuba hilo, au magharibi, jua lilikuwa limenivuruga. Waulize wachungaji.

Nisalimie Hamis. Shangazi yako Sitara na binti yake Tatu wanakusalimu sana. Mama yako, Mauza, hajambo huko Magomeni. Yeye hajui bado. Ijumaa akija nitamwambia kwa kinywa changu, nikiwa hai. Mungu akufikishe salama, akurudishe salama, na akupe moyo mpana kuliko wangu. Dua na salamu nimezimaliza hapa, kwa sababu baada ya haya yanayofuata sitaweza.

Zahoro alipokuwa bado na nguvu kidogo, alitambaa hadi kwenye kile kidirisha. "Kaka," alisema, "niache nichungulie tu." Nikamshika mkono, nikamrudisha. Nilimwambia, hata kama tunakufa, tusife tumevunja heshima ya walii.

Yule mchungaji alipokuja hakuvua viatu. Alipenyeza mkono kwenye kidirisha hicho hicho, akatoa kata imejaa, akaninywesha, huku akiutazama mwili wa baba yako na kuuliza kwa nini hatukunywa. Huko watu huvijenga vijumba vile kuwa sadaka kwa wasafiri. Hayakuwa makaburi, mwanangu. Makuba yale yalikuwa na maji.

Mimi baba yako mkubwa, nikupendaye hata ukishindwa kunisamehe,

Muhiddin