Watoto Wangu Wanane wa Karatasini

Jumatatu, tarehe 4

Chai bila sukari. Umeme hakuna. Nilikuwa napiga mihuri ofisini, bosi wetu Patro akaniita. Kazi za migodi ya Kakanda zimekatika, watu kumi na watano watoke karakanani kufikia Ijumaa. Niandike orodha, niibandike ukutani, basi.

Nikamwambia sheria haitaki hivyo. Delege, mwakilishi wa wafanyakazi, aandikiwe kwanza, asikilizwe. Mkaguzi wa kazi atoe ruhusa. Halafu majina yapangwe kwa ujuzi, miaka ya kazi na mzigo wa familia. Akanitazama kama nimemtukana mama yake.

Jumanne, tarehe 5

Nimeichapa orodha yake. Mwoga mimi. Wa kwanza ni delege mwenyewe, Papa Kalenga mchomeleaji, kisa aliomba buti mpya.

Mimi simo! Nimeokolewa na watoto wanane; Patro kawaona kwenye faili langu.

Ila sina hata mmoja. Ni wa dada yangu Béa. Kwetu mtoto wa dada ni wako, kwa hiyo zamani niliwaandikisha wote wanane kama wangu, watibiwe kliniki ya kazini. Kila mwaka nanakili majina yaleyale. Hakuna aliyeuliza.

Jumatano, tarehe 6

Roho imenisuta. Nimemwonyesha Papa Kalenga orodha. Amekimbia kwa mkaguzi na ovaroli yake ya kazi.

Jibu limekuja mchana: orodha ni batili. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Kila mtu alete watoto wake, mkaguzi awahesabu mwenyewe.

Eh, Mungu wangu. Nimejichimbia shimo.

Alhamisi, tarehe 7

Nimempigia Béa. Amecheka mpaka vocha ikaisha. Trésor, mkubwa wao, ana ndevu na mke. Mado, kitinda mimba, ana mimba yake mwenyewe.

Mtaani Kikula kote watu wanatafuta watoto wa kuazima. Mtunza stoo ameazima mapacha kanisani. Nimemwomba Trésor anyoe.

Ijumaa, tarehe 8

Hakunyoa.

Mkaguzi, mama mfupi wa miwani, alianza na Patro. Barua kwa delege iko wapi? Tangazo? Ruhusa? Patro alilowa jasho. Ameamriwa aanze upya, hatua kwa hatua. Nilifurahi sana, sifichi.

Kisha watoto. Wangu wanane wakajipanga, Mado na tumbo lake mbele. Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Trésor akasema, "Miye niko mutoto yake, Mama. Njo yeye alinisomesha."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikasema kweli: ni wa dada, na wamekua. Mkaguzi akaandika sifuri.

Mapacha wa kanisani walimwita mtunza stoo "tonton", yaani mjomba.

Jumatatu, tarehe 25

Mashauriano yamekwisha. Papa Kalenga alitaka saa za kazi zipunguzwe kwa wote, Patro akakubali kwa shingo upande. Badala ya kumi na watano tunatoka wanne. Wa tatu ni mimi. Nimelia chooni.

Barua yangu nimeichapa mwenyewe. Muda wa notisi, cheti cha kazi, kuitwa kwanza wakiajiri tena. Yote yamo. Barua safi kabisa.

Jumapili, tarehe 1

Bukari, ugali wetu, na samaki kwa Béa. Wanane wote walikuwapo. Trésor alitoa karatasi ya kliniki ya kazini kwake. Kwenye watu anaowalea ameandika jina langu. Kando yake: baba.

Ningekuwa bado ofisini ningeikataa karatasi ile. Nimeomba kalamu, nikatia sahihi.