Pima Moja Iliyokatwa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi tunaendelea, ila magoti ya Mama bado yanamsumbua, na mimi nimekonda. Sababu unaijua.

Uliniomba daftari langu la vipimo ukasema mwanao ana kazi ya shule kuhusu mji uliozama. Nikakupa kwa moyo mweupe. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako! Wiki mbili baadaye nakuona kwenye televisheni, tai shingoni, ukitangaza kwamba umeugundua wewe. Mama akapiga vigelegele. Mimi nilikwenda kulia bafuni.

Miaka sita, Kaka! Siku za kazi naosha vigae vya vyungu pale makumbusho, Jumamosi napiga mbizi. Nani aliiona ile milango chini ya maji, yenye vizingiti vitatu, kimoja juu ya kingine? Wale watu hawakumezwa kwa usiku mmoja kama hadithi inavyodai. Bahari ilipanda polepole, nao wakawa wanainua vizingiti, mpaka wakachoka wakahama. Wewe ukawaambia waandishi ni usiku mmoja, eti ndivyo watu wanavyopenda. Umeniibia, halafu ukaharibu ulichoiba.

Nasikia wapiga mbizi wamechimba tope siku nne bila kuona hata jiwe. Sasa mkuu wa makumbusho anasema mji huo ni porojo tupu, maneno yaleyale waliyomcheka nayo Baba, aliyeuamini na kuutafuta, hadi kaburini. Kibali cha kuchimba kinaisha Ijumaa.

Nina la kukiri. Kabla hawajaanza, mkuu aliniuliza kama vipimo ni sahihi. Nikamwambia amuulize mwenye daftari. Nilijua, Kaka. Niliandika urefu wa kamba ishirini kutoka mwambani hadi kwenye ile milango, nawe ukahesabu kila kamba pima kumi, pima moja ikiwa upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kamba ya Baba ina pima tisa. Ya kumi aliikata afunge sanduku lako ulipokwenda chuo, mimi nikabaki kumshikia ncha. Nilitaka uumbuke, na siku nne nimefurahi kwelikweli. Leo nimemkumbuka Baba, furaha imeniishia.

Kamba ninayo. Alhamisi asubuhi nitakuwa mwambani pamoja na mkuu, nimeshamwambia. Njoo ushike ncha ya pili, na uwaambie wote ilikatwa kwa ajili ya nani. Usipokuja, nitaifunga kwenye mwamba nipime peke yangu, kama siku zote.

Wabusu watoto, wao hawana kosa.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki nyumbani