Mkutano wa Hasara

Nyumba ya Pili Kutoka Kona,
Mtaa wa Nyuma ya Posta.

Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu za kujaza kapu na nyingine za kubeba mkononi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Watoto wanaendeleaje, na yule wa mwisho, meno yamekwisha kumsumbua? Uliandika kwamba mgongo unakuuma kila asubuhi. Acha kulala kwenye kile kiti ukidai unaangalia taarifa ya habari. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na anagombana na kila mtu, kwa hiyo ujue ni mzima. Shemeji yako ana mafua, na kwa jinsi anavyoyatangaza utadhani ameyavumbua yeye. Mimi sauti imekauka kidogo kwa chaki na kelele, mengine yote ni buheri wa afya.

Barua yako niliipata Jumanne ya kabla ya hii iliyopita. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili nikakaa, maana hasira zilinipanda. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu una tabia ya kuitikia "ndiyo dada, ndiyo dada" huku unafanya mambo yako. Karatasi utaisoma hadi mwisho. Yote uliyoniambia nitayajibu, ila nitaanzia kichwani, kwa sababu wewe habari hii umeisikia kutoka mkiani.

Kazi ni ileile unayoijua. Asubuhi nafika kabla ya kengele, nafuta vumbi mezani kwa kiganja, naandika tarehe ubaoni. Darasa la sita wanabanana watatu watatu kwenye dawati la wawili, na anayekaa katikati ndiye hujifunza uvumilivu. Naandika mpaka ubao unajaa, kisha inabidi nifute ili niendelee, na kila siku ya Mungu lazima kuna anayelia kutoka nyuma: "Mwalimu usifute, sijamaliza." Nafuta hivyo hivyo, muda hauningoji. Hebu ifikirie hii kazi. Mwashi akijenga ukuta, kesho anaukuta. Mimi miaka yote hii nimeandika, na ikifika jioni hakuna hata mstari mmoja uliobaki.

Nikitoka kazini nina mapenzi yangu mawili, mbali na shemeji yako. La kwanza ni redio mbovu. Majirani wananiletea, nazifungua, nyingine zinapona na nyingine zinafia mezani. Shemeji yako anasema nyumba hii ina redio nyingi na inayozungumza ni moja tu, yaani mimi. La pili ni kutembea mitaani nikisoma mabango. Huwezi kuamini yaliyoandikwa huko nje. Bucha ya kona imeandika: TUNAUZA MBUZI ALIYECHINJWA NA KUKU. Nilisimama pale nikamfikiria huyo kuku na kisu chake. Fundi viatu karibu na posta naye ameandika: TUNASHONA VIATU VYA WANAWAKE WALIOCHAKAA. Nilipomwonyesha shemeji yako picha, aliniuliza kama nimekwenda kuchukua namba ya foleni.

Sasa tuje kwenye hii blogu inayowakosesha usingizi. Shuleni kuna kijana anafundisha kompyuta, mpole, anakula peke yake. Siku moja ofisini aliniambia ana blogu. Mimi nikasikia bloku, zile za saruji, nikampongeza na kumuuliza kama kiwanja amepata upande gani. Alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha akanionyesha: ni ukurasa wako mwenyewe, unaandika unachotaka, na mtu yeyote popote anasoma. Nikamuuliza swali moja tu, nani anafuta. Akasema hafuti mtu, mwalimu, labda ufute wewe mwenyewe. Mdogo wangu, sikumbuki kama nilimaliza kusahihisha madaftari siku ile.

Nikaiita Ubao wa Pili. Naandikia kwenye simu, kidole kimoja, miwani puani. Kila wiki naweka bango moja na somo lake fupi: kwa nini viatu ni vilivyochakaa na wanawake wasiguswe, na namna gani neno dogo kama "na" linaweza kumpa kuku kisu. Kwanza alisoma shemeji yako, kwa kulazimishwa. Kisha walimu wenzangu, kisha wazazi, kisha watu nisiowajua kabisa wakaanza kunitumia mabango ya kwao. Fundi viatu alipaka upya maneno yake na kunishukuru. Mwenye bucha alikataa kubadilisha, akasema, "Mwalimu, huyu kuku ananiletea wateja, mwache na kisu chake." Hakuna aliyeniambia nimemvunjia heshima.

Ikaja zamu ya shule yangu mwenyewe. Mkuu wetu wa shule unamkumbuka, yule ambaye ulimi wake na herufi dha hawajawahi kusalimiana. Kwake dhahabu ni zahabu, dhambi ni zambi. Alimpigia simu mchora mabango, akamtajia maneno, na mchoraji naye akaandika alichodhani amekisikia. Bango la kitambaa likatundikwa langoni, herufi nyekundu, pana kama mkeka: WAZAZI WOTE MNAALIKWA KWENYE MKUTANO WA HASARA.

Nilikwenda ofisini kwake asubuhi ileile, mlango umefungwa, hatupo ila mimi na yeye. Nikamwambia kwa adabu kwamba hadhara imegeuka hasara, na bado kuna muda wa kulishusha. Alinitazama kama mtu anayetazama mvua dirishani. Akasema, "Wazazi wataelewa." Basi nikatoka, nikapiga picha maneno matatu tu, lango halimo, jina la shule halimo, na jioni nikaandika somo langu la wiki kuhusu hadhara na hasara na jinsi yalivyo majirani wasiofanana tabia.

Na kweli wazazi walielewa. Mkuu alikuwa amewaita ili kuwatangazia kwamba watoto waanze kuvaa tai. Kabla hajafika kwenye tai, akasimama seremala mmoja mwenye watoto watatu pale shuleni. Akasema, "Mkuu, tumeitwa kwenye hasara, na mimi nimekuja na yangu." Akasema chumba cha kusomea kimefungwa tangu mvua zianze na vitabu vinaota ukungu humo ndani. Watu wakacheka. Kisha mama mmoja anayeuza mitumba akasimama na kusema choo cha wasichana hakina mlango, binti yake hanywi maji tangu asubuhi mpaka arudi nyumbani. Hapo hakuna aliyecheka. Wakasimama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na hasara yake, mpaka jua likashuka, na habari ya tai haikupata nafasi. Wiki iliyofuata chumba kilifunguliwa, na yule seremala akatia mlango wa choo kwa mikono yake.

Hicho ndicho kichwa cha habari. Wewe uliletewa mkia. Mkewe mkuu na shangazi wanasukwa saluni moja, shangazi akasikia kwamba nimemwanika mkuu wangu mtandaoni, akampelekea mama, mama akakupigia wewe akilia kwamba nitafukuzwa kazi uzeeni. Kila mkono ulioipokea habari uliongeza chumvi, na ilipokufikia ilikuwa hailiki tena. Nawe ukachukua kalamu: dada, futa, ukubwa ni jaa, vumilia. Mdogo wangu, jaa nimelikubali tangu nizaliwe wa kwanza. Nimemezea mengi, mengine ya kwako. Lakini hata jaa, ukilitupia kila siku bila kuzoa, mtaa mzima unaziba pua.

Mkuu aliniita baada ya mkutano. Aliniambia nifute. Nikamjibu kwamba sikumtaja yeye wala shule. Akasema hata nisipotaja, kila mtu anajua. Nikamwambia kama kila mtu anajua, basi kufuta kwangu kutamfaa nini. Akanipa mpaka Ijumaa: ama nifute, ama niliache darasa la sita.

Hapo alinipata, sikufichi. Watoto wale nimekuwa nao tangu darasa la nne. Namjua anayeandika vizuri akiwa na hasira, namjua asiyeona ubao na anaona haya kusema. Mwaka huu ndio wa mtihani wao. Nilikwenda stoo nikalia juu ya maboksi ya chaki, nikatoka na suruali yangu nyeusi imekuwa nyeupe nyuma, na walimu wote wakajua nilikokuwa. Usiku huo niliifungua blogu, nikaweka kidole kwenye neno Futa, nikakiondoa. Kisha ikaja barua yako, na neno lilelile ndani yake, kwa mwandiko niliokufundisha mimi.

Umesahau ule ukuta wa jikoni? Hukuwa umeanza shule, nami nilikuwa nakufundisha kusoma kwa mkaa, ukutani, kwa sababu karatasi hatukuwa nazo. Mama akaja na fimbo na kitambaa chenye maji. Nilichapwa, nikaambiwa nifute. Nawe ukaning'inia mkononi mwangu ukilia, "Dada usifute, sijamaliza." Nilifuta. Nilikuwa mtoto, na mama ni mama. Sasa mimi si mtoto, na mkuu wa shule si mama yangu.

Ijumaa ile nilikwenda. Sikupandisha sauti wala sikukaa. Nilimwambia, "Mkuu, sifuti." Kama ni kosa la kweli, aniletee sahihisho, nitaliandika pale pale chini ya lile somo, na jina lake nitaliweka kwa heshima. Hakuleta. Jumatatu nikakuta nimehamishiwa darasa la kwanza, kwa watoto wanaoshika penseli kama mwiko. Alidhani amenizika. Alichosahau ni kwamba darasa la kwanza limepakana na ofisi yake, na kinachotutenganisha ni ukuta mwembamba wa mbao ambao hata mwayo unapita.

Unajua mtoto huanza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu. Mimi baada ya u nikaingia kwingine. Tangu Jumatatu, kuanzia kengele ya kwanza, watoto wangu wanatoa ndimi katikati ya meno yao yaliyong'oka nusu na kuimba kwa nguvu zao zote: dha, dhe, dhi, dho, dhu. Mate yanaruka mpaka mstari wa mbele. Wakichoka tunapumzika kwa kusema ha-dha-ra, kisha tunarudi.

Ijumaa hii, kwenye mistari ya asubuhi, mkuu alitangaza mkutano mwingine wa wazazi. Alipolifikia lile neno alisita. Nikaona ncha ya ulimi inachungulia, akalitoa, sawasawa kabisa. Darasa la kwanza lote likampigia makofi, maana ndivyo nilivyowazoesha kumpongeza anayepatia. Mimi nilitazama viatu vyangu. Darasa la sita hajanirudishia, na linaniuma bado. Mapumziko wananifuata dirishani na madaftari yao, nasahihisha nikiwa ndani wao wakiwa nje, na aniambie mtu kwamba dirisha nalo ni kosa.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie redio yake imepona, ila sasa inashika stesheni moja tu na haizimiki. Wabusu wanangu, uwaambie shangazi yao anataka barua za mwandiko wao wenyewe. Mama anakusalimu na anasema usinisikilize. Shangazi sijamwambia nakuandikia, lakini bila shaka ameshajua. Shemeji yako anakusalimu kati ya chafya na chafya. Mungu akunyooshee mgongo, akupe kazi yenye kukulisha na usingizi kitandani.

Na uifungue hiyo blogu, uisome kwa macho yako. Ule ukuta wa jikoni nilikufutia kabla hujamaliza, nisamehe. Huu upo. Nakili taratibu, mdogo wangu, nakungoja.

Ni mimi dada yako nikupendaye kuliko ninavyokugombeza,

Dada Chaki