Masharti ya Memsahibu wa Mafinga

Igowole, 9 Julai 1956

Mdogo wangu Joachim,

Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Mahindi tumekwisha kuvuna, na binti yako Juliana anasoma vizuri.

Nilikwenda Mafinga kwa memsahibu anayetunza mbwa walioachwa na Wazungu waliorudi kwao. Hampi mtu mbwa kabla ya kukagua nyumba yake. Anataka ua mrefu, mlango wenye komeo, na mbwa alale ndani pamoja na watu.

Alipokuja jana aliuliza, "Mbwa wenu wa kwanza yuko wapi?"

Shemeji yako Lusia akawahi kujibu: "Chui alimchukua hapo mlangoni, Mama."

"Basi hapa si mahali salama pa mbwa."

"Pangekuwa salama, tungemwomba wa nini?"

Memsahibu hakucheka. Alikuwa akitazama mikwaruzo mipya ya kucha kwenye mlango wa jikoni. Akauliza ni nani anayelala humo.

Juliana alinyoosha mkono, kama yuko darasani. Alikuwa akilala jikoni kwa ajili ya joto la moto.

"Mbwa wangu hatalala hapa hata siku moja," akasema memsahibu. "Na huyu mtoto je?"

Tumemhamishia chumbani kwetu, nami nalala nimeegemea mlango, shoka mkononi. Ninaogopa, Joachim.

Tunashauriana kama tumrudishe kwako Mbeya kabla shule haijafungwa. Tukishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.

Kaka yako,
Edmund