Mdhamini wa Pili

Leeds, 9 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo je, na karakana? Mimi ni mzima.

Fomu ya uraia wa huku inataka wadhamini wawili. Msimamizi wangu hospitalini ametia sahihi. Wa pili sina. Kanisani nina miaka mitatu, na kiti kilicho kando yangu hubaki tupu hata watu wakisimama nyuma. Jumapili mchungaji alihubiri kwamba sisi sote ni mwili mmoja. Nikajiuliza, mimi basi ni ukucha? Nikatoka. Sirudi, na fomu naiacha.

Mwanao, Kathini


Voi, 23 Februari 2025

Kathini mama,

Salamu zimefika. Mgongo unauma siku nne kwa wiki. Zamani zilikuwa saba, tunashukuru.

Ukucha nawe! Sikiliza. Mwaka wa tisini na moja nilienda kuchukua kitambulisho. Nimezaliwa Maungu, nimebatizwa Voi, lakini kwa kuwa sisi ni Wakamba kwenye nchi ya Wataita, mzee mmoja wa kamati ya kutuhoji akauliza, "Kaburi la babu yako liko kilima gani?" Nikarudishwa mara tatu. Mara ya nne akasimama Mama Rita wa Mwatate, Mtaita kamili: "Huyu alibeba jeneza la mama yangu kilomita sita kupanda mlima. Tunashiriki meza moja ya Bwana. Mkimkataa, nifuteni na mimi."

Wakaniandika. Bila hicho kitambulisho hakuna leseni, hakuna karakana, hakuna karo yako. Na sikumwambia asante. Nilikasirika: mbona mtu adhaminiwe pale alipozaliwa? Hasira hiyo ni ya haki, bado ninayo. Lakini Mama Rita alinikosea nini?

Uliwahi kuniandikia kwamba hapo kanisani unaosha vikombe vya chai baada ya ibada. Unaosha na nani? Muulize huyo.

Baba yako, Mutunga


Leeds, 30 Machi 2025

Baba, shikamoo.

Naosha na bibi mmoja mzungu, Maureen, miaka themanini na mmoja. Yeye anaosha, mimi nafuta, kimya. Nilirudi kumwomba anidhamini, akasema, "Nilidhani wewe ndiye hutaki kuongea nami." Amesaini. Kwenye muda tuliofahamiana akaandika: Jumapili 142. Leo amekaa kwenye kile kiti.

Mwanao, Kathini


Voi, 13 Aprili 2025

Kathini mama,

Mgongo ni siku tatu sasa. Huyo bibi anajua hesabu, msalimie sana.

Jana nilipanda Mwatate. Mama Rita alidhani nimeenda kumuuzia tangi la maji la karakana yangu. Nikamwambia, "Nimeleta asante, imechelewa miaka thelathini na minne." Akasema, "Mimi niliona aibu kwa lile swali la kaburi. Ndiyo maana sikukutafuta."

Tulikunywa chai. Vikombe nimeosha mimi.

Baba yako, Mutunga