Unga wa Njano Unakosa Mwenzake

Katuba, Alhamisi, 1961

Chakula cha kuku, kila mtu anasema hivyo. Magunia ya unga wa mahindi ya njano yanakaa tu kwenye meza yangu sokoni. Wakubwa wamepatana na nchi za ng'ambo, unga umevuka bahari, lakini hakuna aliyeuliza kama sisi tunakula bukari nyeupe, ugali wa mahindi meupe. Na mahindi ya Rhodesia hayaji tena.

Hata mume wangu, Baba Mwansa, jana alisukuma sahani. "Mi siko kuku."

Leo jirani yangu Mama Ngalula, Mukasai, mtu aliyetoka Kasai, amenionea huruma. Amechota unga wangu, akauchanganya na wa muhogo, kama wanavyosonga kwao, akaniletea bukari kwenye sahani yake. "Haiko mubaya," alisema. "Inakosa tu mwenzake."

Baba Mwansa amekula mpaka akaramba vidole. Nikamwambia ni nani aliyesonga. Akafuta vidole. Ni yeye anayesema kila siku kwamba Wakasai warudi kwao.

Halafu akaitazama sahani ya jirani. "Usiirudishe tupu."

Nimeijaza matembele, nikaipeleka. Nilimkuta Mama Ngalula anafunga godoro kwa kamba. Vijana wanaowafukuza Wakasai wamepiga mlango wao kwa mawe tena, na kesho wanahamia kambi ya wakimbizi na watoto. Nikamkabidhi sahani.

Alimimina matembele kwenye sufuria yake, akaiosha sahani, akaijaza unga wa muhogo, akanipa mikononi.

"Utanirudishia nikirudi."