Taa za Gari Langu

Alhamisi, 14 Septemba

Tumefika hifadhini mapema kwa kambi yetu ya kutazama nyota, jangwa bado linachoma. Darubini zimeshapangwa uwanjani, nami, kama kila mwaka, nazunguka na utepe mwekundu kuziba taa za watu. Mwanga mweupe mara moja tu, na macho yanataka nusu saa kuzoea giza tena! Wananiita Polisi wa Taa. Waniite tu, nafurahi. Delfino, fundi bomba wa mji wa Ely, ndiyo mara yake ya kwanza kujitolea. Nimemfokea mara mbili kwa simu yake. Akacheka: "Mama Lorna, ukinifunga jela, uniletee bakuli la chili ya maharage."

Mzee Verl naye kaja. Miaka themanini na mmoja. Macho yanamwisha – daktari kasema mwakani hataona nyota hata moja. Anataka kitu kimoja tu: ile galaksi hafifu katika kundinyota la Pegasi aliyoonyeshwa na marehemu mkewe, Ione, wakiwa wachumba.

Ijumaa, 15 Septemba

Anga safi kabisa! Verl ataanza kukaa chini ya shuka jeusi jua likizama tu, macho yake yazoee. Namwombea.

Jumamosi, 16 Septemba, asubuhi

Ni mimi. Haya, nimeandika.

Jana usiku Verl alikuwa ameinama kwenye darubini, baada ya saa nzima chini ya shuka. Akanong'ona kwamba anaona kitu, tungoje, kinakuja. Nikaketi taratibu nisimsumbue. Mara taa za gari – pwaa! – nyeupe, usoni kwetu sote. Watu wakapiga kelele. Nami, kwa mazoea tu, nikawashinda wote: "Delfino! Zima gari lako, mpumbavu wewe!" Masikini, akakimbilia pikapu yake. Alipofika tu, taa zikazimika zenyewe. Basi, kesi ikaisha: wote wakajua ni yeye.

Ndipo nikahisi ufunguo wa gari langu mfukoni, chini ya paja langu. Nimekalia kitufe chake cha kuwashia taa! Gari jipya, nimeliegesha ubavuni mwa pikapu yake, na Polisi wa Taa hakulikagua la kwake mwenyewe.

Sikusema. Verl alijaribu tena, mawingu yakaingia. "Basi," akasema, akakunja shuka lake. Aibu gani hii, mwanamke wa miaka sitini na minane!

Jumamosi, jioni

Usiku wa mwisho. Mawingu yameachia upande wa mashariki. Verl ameshajifunika.

Kwenye mlo wa chili hakuna aliyekaa na Delfino. Mimi pia sikukaa. Baadaye nikamwona amemwendea Verl, kofia mkononi: nisamehe mzee, hata sijui nilibonyeza nini. Verl akampigapiga bega, akamwambia hata yeye aliwahi kuwasha taa, zamani. Natamani ardhi ipasuke.

Nimejificha garini. Nikisema, utepe huu sitaugusa tena, na Verl atajua nilimwacha kijana wa watu aombe msamaha ulionipasa mimi. Nisiposema –

Delfino anagonga kioo. Taa za pikapu yake kaziziba zote: za mbele, za breki, hadi ya ndani. Anaomba nikague. Nimemwambia iko sawa. Sikumtazama.

Haondoki. Utepe umembakia kidogo.

"Na lako, Mama Lorna – nikuzibie? Giza linaingia."

Ufunguo ninao mkononi. Anangoja.